Ardhi ya bure, vingine vyote vya kununua: wakulima wa nyika za Marekani waliishije?

Swali nimeletewa na msomaji, nalifupisha kidogo: "Mtaalam, nimekutana na picha za zamani za Nebraska, familia imesimama mbele ya nyumba ya udongo na nyuma yao ni nyasi tu mpaka mwisho wa macho, mti hakuna hata mmoja. Kuna nyingine kinanda kimewekwa nje kwenye majani. Hivi hawa watu walijengaje, walipikia nini, na kwanini mtu aende kulima sehemu kama ile wakati Marekani ina misitu na mito kibao? Na ni kweli serikali iliwapa ardhi bure?"

Ndugu, naanza na hilo la mwisho maana ndo limebeba mengine yote. Ndio, ardhi ilikuwa bure. Ila vingine vyote vilikuwa vya kununua, na hapo ndo wengi walipokwama.

Sheria yenyewe inaitwa Homestead, Rais Lincoln aliisaini tarehe 20 Mei 1862 vita ya wenyewe kwa wenyewe ikiwa imepamba moto, ikaanza kazi 1 Januari 1863. Ulikuwa unapewa mpaka eka 160, unalipa ada za ofisini ambazo jumla yake haikuzidi dola 18 hivi, alafu unatakiwa ukae pale miaka 5, ujenge, ulime, mwisho unakuja na majirani wawili wanakutolea ushahidi kwamba kweli huyu bwana anakaa na analima, unapewa hati. Asiye na subira lakini ana hela alikuwa anaruhusiwa baada ya miezi 6 kuinunua kwa dola 1.25 kwa eka. Masharti ya mtu mwenyewe: uwe na miaka 21 au uwe mkuu wa kaya, uwe raia au umeshatangaza nia ya kuwa raia, na usiwe umebeba silaha kupigana na serikali. Ukiangalia vizuri hapo utaona mlango ulikuwa mpana kuliko sheria nyingi za wakati ule: Mnorwei au Mswidi aliyeshuka melini juzi anaingia, mjane anaingia, binti asiyeolewa anaingia (aliyeolewa ndo hapana, mume ndo mkuu wa kaya), na baada ya vita watu weusi waliotoka utumwani nao wakaingia.

Sasa kabla hatujaenda mbali, hiyo "bure" ilikuwa bure kwa nani? Watu wanasema wakulima wa kwanza wa Nebraska kana kwamba walikuta pori halina mwenyewe. Wapawnee, kabila la wenyeji wa pale, walikuwa wanalima mahindi, maharage na maboga kwenye mabonde ya mto Platte na Loup vizazi na vizazi, tena walimaji walikuwa wanawake, na mara mbili kwa mwaka kijiji kizima kinaondoka kwenda kuwinda nyati wa kule, yale makubwa yenye nundu na manyoya shingoni, alafu wanarudi kuvuna. Wakamegwa ardhi yao mkataba kwa mkataba, 1833, 1848, 1857, mpaka miaka ya 1870 walipohamishiwa kusini kwenye eneo ambalo leo ni Oklahoma. Walakota na Wacheyenne, makabila mengine ya wenyeji, walipigana, na nyati waliokuwa mamilioni walichinjwa kwa ajili ya ngozi mpaka kufika mwisho wa miaka ya 1880 wamebaki mia kadhaa tu. Kwahiyo unapoona ile nyika tupu kwenye picha ujue ilifanywa iwe tupu, na siyo zamani sana kabla ya picha kupigwa.

Haya, kwanini wasiende msituni? Jibu fupi: misitu ya mashariki ilikuwa imeshachukuliwa au bei yake imepanda, na pia msitu siyo lelemama. Mtu wa Ohio akikata miti kwa shoka na kung'oa visiki alikuwa anapata eka chache tu kwa mwaka, anazeeka na visiki shambani. Kwenye nyasi hakuna kisiki. Kilichowachelewesha ni imani kwamba ardhi isiyoota miti haiwezi kuotesha kitu, na msafara wa uchunguzi wa Stephen Long wa mwaka 1820, uliotumwa na serikali, ulizidi kuharibu, ramani zikaandikwa pale kwamba ni jangwa. Kumbe udongo wa chini ya zile nyasi ni mweusi, mzito, wenye rutuba ya maelfu ya miaka ya mizizi kuoza, hasa upande wa mashariki wa nyika, Illinois, Iowa, mashariki ya Nebraska na Kansas.

Alafu kulikuwa na reli. Mwaka uleule wa 1862 bunge lilipitisha sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara, na kampuni za reli zikalipwa kwa ardhi, viwanja kwa viwanja kila upande wa njia. Sasa wewe umekuja kuchukua ardhi yako ya bure unakuta viwanja vilivyo karibu na stesheni vingi ni vya kampuni ya reli, vinauzwa, na vile vya serikali vilivyobaki humo katikati ulikuwa unapewa eka 80 tu badala ya 160, mpaka walipobadilisha mwaka 1879. Ukitaka eka zako zote unasogea mbali, na ukisogea mbali kila gunia la ngano unalisafirisha kwa mkokoteni. Kampuni za reli zilikuwa na mawakala mpaka Ulaya wanagawa vipeperushi vyenye picha za mahindi makubwa kama nini, watu wanauza ng'ombe wao huko Sweden wanakata tiketi.

Nyumba. Zile unazoziona siyo udongo wa kukanda kama tunavyozoea, ni nyasi na mizizi yake ilivyokatwa. Kulikuwa na plau maalum inayopita chini chini, inakata ukanda wa upana wa futi moja hivi na unene wa inchi 3 au 4, unaukata kwa sepetu vipande vya futi 2 au 3, hayo ndo matofali. Mizizi ndo saruji yake, imesukana humo ndani kiasi kwamba kipande hakivunjiki ukikibeba. Unayalaza majani yakiangalia chini, safu mbili au tatu kwa upana, na kila baada ya tabaka kadhaa unalaza la kukatisha ili ukuta ujifunge. Fundi mzuri alikuwa anakata ya siku hiyo tu maana yakilala nje yanakauka na kupasuka. Nyumba ya futi 16 kwa 20 inakula kama nusu eka ya nyasi, na ukuta ukikaa unashuka, ndo maana juu ya fremu ya dirisha waliacha nafasi wakaijaza matambara, bila hivo ukuta ukishuka unapasua kioo, na kioo ndo kilikuwa kitu cha bei kuliko vyote ndani ya nyumba.

Nakupa hesabu moja iliyobaki, mimi naipenda sana. Mwaka 1872 huko Nebraska jamaa mmoja alichimba nyumba yake ya futi 14 kila upande kwenye ubavu wa kilima, akaandika alichotumia: dirisha dola 1.25, mbao za mlango senti 54, komeo na bawaba senti 50, bomba la moshi la kupita kwenye paa senti 30, misumari senti 19 na nusu. Jumla dola 2 na senti 78 na nusu. Nyumba imeisha.

Aliyewahi kulala kwenye tembe la Kigogo kule Dodoma hatapata shida kuelewa maisha ya humo ndani, kuta nene, paa la udongo juu ya fito, mchana wa jua kali ndani kuna ubaridi na usiku wa baridi kuna joto. Tofauti ni mvua. Paa la nyasi likishanyeshewa siku mbili linavuja siku nyingine mbili baada ya mvua kuacha, matone ya matope, mama anapika mwavuli ukiwa juu ya sufuria, na uzito wa paa lililolowa ungeweza kuvunja boriti watu wakiwa wamelala. Panya, viroboto, na nyoka anayetokeza kwenye dari, ndo maana wengi walitandaza shuka za amerikani chini ya paa zikamate udongo na wadudu wasidondokee mezani. Na moto ukipita porini nyumba ya namna hii haiungui kirahisi, hilo ni la kuisifu.

Hicho kinanda sasa. Picha nyingi za aina hiyo alizipiga Solomon Butcher, kuanzia 1886 katika wilaya ya Custer, Nebraska. Yeye mwenyewe alijaribu kilimo kikamshinda, akaamua kuzunguka na kamera. Habari ya ile picha ni kwamba mama mwenye nyumba alitaka ndugu zake wa mashariki waone kwamba wana kinanda, lakini hakutaka waone kwamba wanaishi kwenye nyumba ya nyasi, kwahiyo kikabebwa nje mbali na nyumba, picha ikapigwa, kikarudishwa ndani. Ndo maana ukiziangalia hizo picha kwa makini utaona watu wametoa nje kila kizuri walichonacho, farasi, tikiti maji mezani, cherehani. Usizichukulie kama picha za umaskini. Ni watu wanajionyesha.

Kulima sasa, na hapa naomba uvumilie kidogo maana ndo eneo langu. Zile nyasi ndefu mizizi yake inashuka mita mbili, tatu, na juu imesukana kama mkeka. Plau ya chuma cha kuyeyushwa waliyotoka nayo mashariki ilikuwa inanatiwa na ule udongo mweusi, kila hatua chache mkulima anasimama anakwangua kwa kijiti. Mhunzi John Deere, mwaka 1837 pale Grand Detour, Illinois, akatengeneza plau yenye uso wa chuma cha pua kilichong'arishwa, wanasema alitumia msumeno mbovu wa kupasulia mbao, udongo ukawa unateleza wenyewe. Ila hata hiyo haikumaanisha kazi imekuwa nyepesi. Kupasua nyika mara ya kwanza ilitakiwa plau kubwa na maksai nira mbili, tatu, wengine mpaka sita, na siku nzima unatoka na eka moja mpaka mbili.

Na kuna muda wake. Unapasua kuanzia kama katikati ya Mei mpaka mwisho wa Juni, nyasi zikiwa zimeshapanda na nguvu imetoka kwenye mizizi, hapo ukizigeuza zinakufa, ukipasua mapema au ukichelewa zinachipua tena na umepoteza mwaka. Tena unapasua juujuu, inchi 2 hivi, ule mkeka uoze, alafu msimu wa vuli (kwao ni miezi ya kabla ya baridi na theluji) unarudi unageuza tena ndani zaidi kidogo. Wageni wengi waliona wazamishe plau chini kwa sifa, mwisho wakabaki na mabonge yasiyooza. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ulikuwa unapanda mahindi kwa shoka, unapiga ufa kwenye bonge lililogeuzwa, unatia mbegu, unakanyaga kwa kisigino, basi, hakuna palizi. Unapata kidogo, cha kula na cha mifugo. Shamba lenyewe la ngano ni mwaka wa pili au wa tatu, na hapo katikati familia inakula nini? Ndo wanaume wanaenda kufanya vibarua kwenye reli au kwa waliotangulia, mama na watoto wanabaki pale kulinda kiwanja, maana ukiondoka muda mrefu mtu anaweza kukupinga ofisini kwamba umetelekeza.

Unauliza walipikia nini. Mavi makavu ya nyati, yalikuwa yamejaa kila mahali, yanawaka vizuri na hayanuki kama unavyodhani, yalipoisha wakahamia ya ng'ombe. Majani makavu yaliyosokotwa kama kamba, hii ilikuwa kazi ya watoto kutwa nzima maana yanaungua fasta. Magunzi ya mahindi. Na miaka ambayo bei ya mahindi ilianguka, ikawa makaa ya mawe ni ghali kuliko mahindi, watu walichoma mahindi yenyewe kwenye jiko, na ujue kuna wenzao kwenye miji ya mashariki muda huohuo wanalala njaa. Hata mifupa ya nyati iliokotwa ikauzwa stesheni, inaenda kusagwa mbolea, familia nyingi senti zao za kwanza zilitoka humo.

Maji yalikuwa kitu kingine kabisa. Aliyewahi kiwanja cha kando ya kijito alikuwa tajiri tayari, na ndo vilivyochukuliwa kwanza. Aliyekuja nyuma akapata juu kwenye mwinuko alikuwa anachimba kisima kwa sururu na ndoo, bondeni futi 20, 30, mwinukoni hata zaidi ya 200, anateremshwa kwa kamba, asubuhi wanashusha kwanza taa inayowaka, ikizimika kuna hewa mbaya hushuki. Watu walikufa humo kwa kufukiwa. Pampu ya upepo ilikuwepo, Daniel Halladay aliivumbua 1854, lakini wengi waliipata miaka ya 1880 na kuendelea bei ilipokuwa imeshuka kidogo. Na fensi hivohivo, bila miti unazuia vipi ng'ombe wa jirani? Kwanza walipanda ua wa miti ya miiba, unasubiri miaka kadhaa ukue, mpaka Joseph Glidden wa DeKalb, Illinois, alipopata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya seng'enge Novemba 1874. Vyote hivyo, plau, maksai, pampu, seng'enge, ni hela, na hela ilitoka kwa kuweka rehani. Umeona mtego? Ardhi umepewa bure, ukishapata hati unaiweka rehani ili uweze kuilima.

Majanga sitayamaliza, nakupa mawili. Julai 1874 nzige walishuka kutoka milima ya Rocky wakafunika Kansas, Nebraska, Dakota na majirani zake, walikula mahindi, wakala vitunguu mpaka kwenye shimo lake, wakala mapazia, wakatafuna mipini ya majembe kwa ajili ya chumvi ya jasho la mikono, treni zilisimama kwa sababu magurudumu yanateleza kwenye reli zilizojaa nzige waliopondwa. Jeshi likagawa makoti na buti. Cha ajabu ni kwamba aina hiyo ya nzige imetoweka kabisa, wa mwisho akiwa hai alionekana 1902, na maelezo yanayoniingia akilini ni kwamba walikuwa wanatagia kwenye mabonde machache ya milimani na wakulima wakayalima yale mabonde, yaani waliwaua bila kujua. La pili ni 12 Januari 1888, asubuhi kulikuwa na joto lisilo la kawaida kwahiyo watoto walienda shule bila makoti ya maana, mchana dhoruba ya theluji ikapiga ghafla muda wa kutoka shule, ukinyoosha mkono huuoni. Walikufa zaidi ya 200, na wengi walikuwa wakitafuta njia ya nyumbani.

Lakini wengi hawakufukuzwa na nzige wala theluji, walifukuzwa na mvua, na hili linanikera mpaka leo kwa sababu lilijulikana. Mtafiti John Wesley Powell aliwapelekea serikali ripoti mwaka 1878 akasema ukivuka upande wa magharibi wa longitudo 100 hivi, mstari wa ramani unaokatiza Nebraska na Kansas, mvua inashuka chini ya milimita 500 kwa mwaka, eka 160 hazitoshi, hapo mtu anahitaji maji ya kumwagilia au maelfu ya eka za malisho. Hakusikilizwa. Kilichosikilizwa ni kauli iliyoandikwa na Charles Dana Wilber mwaka 1881, kwamba mvua hufuata plau, yaani ukilima nyika hali ya hewa yenyewe inabadilika na mvua inaongezeka. Wauza ardhi waliipenda sana kauli hiyo. Na bahati mbaya mwanzoni mwa miaka ya 1880 mvua zilikuwa nzuri, watu wakaona ushahidi kwa macho, wakamiminika magharibi ya Kansas na Nebraska. Kuanzia mwisho wa muongo huo ukame ukaingia, bei ya ngano ikaanguka, riba iko palepale, ikafika 1894 mwaka mbaya kuliko yote na mikokoteni ikawa inarudi mashariki kwa maelfu, mingine imechorwa maneno kwamba kwa Mungu tulitumaini, Kansas tukafilisika.

Waliobaki ni akina nani? Ukisoma hadithi utaambiwa ni majasiri, mimi sikubali, jasiri alikuwepo pande zote mbili. Waliobaki mara nyingi ni waliokuja kwa kundi au waliokuja na mtaji au waliokuja na mbegu sahihi. Wamenoni, dhehebu la Kikristo, waliotoka Urusi, sehemu ambayo leo ni Ukraine, walifika Kansas mwaka 1874, mwaka uleule wa nzige, walikuwa wakitoka kwenye nyika kama ile kwahiyo hawakushangaa kukosa miti, wakaja na ngano ngumu ya kupanda vuli, Turkey Red, inayolala chini ya theluji na kuvunwa kabla jua halijawa kali. Hiyo ngano ndo iliyoifanya Kansas iwe Kansas ya ngano, japo wasagaji mwanzoni waliikataa kwa ugumu wake mpaka mashine zilipobadilika.

Na kundi la watu weusi wa Kentucky waliofungua mji wa Nicodemus, Kansas, mwaka 1877. Mama mmoja aliyefika mwaka uliofuata alisimulia kwamba waliambiwa "kule ndo Nicodemus", akaangalia haoni nyumba, anaona moshi tu unatoka ardhini, watu wanaishi mashimoni, akaanza kulia. Lakini walikaa. Walikosa maksai, wengine walipasua ardhi kwa majembe ya mkono, wakajenga shule, makanisa, maduka, mji ulikuwa unaenda vizuri kabisa mpaka 1888 reli ilipoamua kupita kwingine, biashara zikahama. Mji upo mpaka leo, mdogo, na ni eneo la kihistoria la taifa.

Hesabu ya jumla kama unaitaka: sheria ile ilitoa hati zaidi ya milioni 1.6, kama eka milioni 270, yaani karibu asilimia 10 ya nchi nzima. Mwaka 1909 bunge likakubali kuongeza mpaka eka 320 kwa maeneo makavu, miaka 31 baada ya ripoti ya Powell, na hata hizo hazikutosha. Sheria ya Homestead ilifutwa 1976 isipokuwa Alaska, ambako iliendelea miaka 10 zaidi, na hati ya mwisho kabisa ilitolewa 1988, eka 80 kando ya mto.